Kazi ya makuta: makuta yapi?

Siku matokeo ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotoka, Lubumbashi, mji wetu wa Kongo, inakuwa nyeupe. Waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani, shingoni, mpaka kwenye kope, kisha wanapita barabarani kwa makundi wakiimba, na mama zao wanawafuata kwa vigelegele, kopo la poda mkononi. Mwaka huu ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Binti wa dada yangu alirudi jioni, poda imegandamana na jasho usoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki uani. Hata uso hajanawa, kaka yetu mkubwa akamwuliza: "Haya, sasa utasoma nini?"

Akajibu kwamba anapenda kufundisha. Biolojia ndiyo inayomvuta, na angependa kuwasomesha watoto wa sekondari.

Kaka alinyamaza kidogo, akawa anazungusha chupa ya maji mkononi. Kisha akasema kwa upole kabisa: "Soma kitu ya makuta, mwana. Roho itafuata." Makuta, kwetu, ni pesa.

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikitengeneza mishahara ya watu. Nimewaona wanaolipwa vizuri na wanaolipwa vibaya, na nimewaona wengi wakitoka kundi moja kwenda jingine bila kubadili taaluma. Ndiyo maana maneno ya kaka hayakunitoka kichwani. Sikuyaona mabaya: mzazi anayemwambia mtoto atafute kazi ya kumlisha anatimiza wajibu wake. Kilichonisumbua ni lile neno "makuta", jinsi tunavyolitamka kana kwamba ni kitu kimoja kilichofungiwa ndani ya taaluma, ukiingia tu polytechnique, kitivo cha uhandisi, unakikuta kimekaa kinakungoja. Ndani ya neno hilo mna nyuzi kadhaa zilizosokotana, na ninataka kuzifumua hapa, kwa sababu kila mwaka, poda inapokauka, nyumba nyingi za mji huu zinakaa kikao kama chetu.

Uzi wa kwanza ni wa zamani kuliko sisi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wenyewe, wakati ule ukiitwa Élisabethville, ukaanza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwanzoni watu waliikimbia kazi ya mgodi, maana magonjwa yaliwamaliza na mikataba ilikuwa ya muda mfupi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mbinu: mfanyakazi aje na mkewe, apewe nyumba kambini, posho ya unga, hospitali, shule ya watoto. Fedha taslimu ilikuwa kidogo, sehemu kubwa ya malipo iliingia nyumbani ikiwa ndani ya gunia. Huko ndiko ulikotoka usemi ambao wazee wa mitaa yetu wanao mpaka leo, kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Pamoja na unga huo na nyumba hizo, Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira. Ninalitaja hilo kwa sababu wapo wanaosema kufuata pesa ni tamaa ya vijana wa leo. Watu wa mji huu walikufa wakidai mshahara zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Mwaka 1967 serikali iliitwaa kampuni hiyo, na baadaye ikapewa jina la Gécamines. Mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Wakati huo hakuna aliyemwuliza mhandisi kwa nini alisoma uhandisi. Halafu mambo yakafuatana. Kwa miaka mingi mapato yalikuwa yakichotwa bila mitambo kurudishiwa chochote. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ikaporomoka, mwaka uliofuata nchi ikapita kwenye uporaji mkubwa, na ilipofika 1994 uzalishaji wa mwaka mzima haukufikia tani 40,000. Mishahara ikakatika miezi kwa miezi. Kina mama wakawa ndio wanaolisha nyumba kwa mikate, mkaa na nguo kuukuu. Kati ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango wa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na fedha ya mkupuo badala ya malimbikizo yake.

Sasa mlinganishe mhandisi wa 1986 na mhandisi wa 1996. Diploma ni ileile, chuo kilekile, hata kofia ni ileile. Pesa ya yule wa kwanza haikuwa ndani ya diploma yake. Ilikuwa katika bei ya shaba, katika hali ya mitambo, katika uamuzi wa watu wa Kinshasa ambao hajawahi kuwaona. Kizazi cha kaka yangu kilikula unga ule utotoni, kikaja kuona na debe tupu. Lakini wakikaa kumshauri mtoto, unga ndio wanaoukumbuka. Siwalaumu, nami nikiukumbuka utoto wangu naanza na harufu ya unga ule.

Uzi wa pili ni muda, na huu ndio unaowakamata vijana wengi zaidi. Kozi ya uhandisi kwa mfumo wa sasa wa LMD ni miaka mitatu ya licence (shahada ya kwanza) na miwili ya master (shahada ya pili), na kwetu aghalabu inazidi hapo. Anayejiandikisha anatazama bei ya leo, lakini atakayopokea ni bei ya siku atakayomaliza. Tazama kobalti, madini ya betri yanayochimbwa huku pamoja na shaba. Mapema mwaka 2018 tani moja ilipita dola 90,000. Katikati ya 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000, na Agosti ya mwaka huo wenye mgodi wa Mutanda, karibu na Kolwezi, wakatangaza kwamba watausimamisha. Ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote duniani kwa kobalti. Uzalishaji ulianza tena mwishoni mwa 2021. Mwaka 2022 bei ikapanda tena kupita dola 80,000, kisha ikateremka mpaka, mwanzoni mwa 2025, ikawa karibu dola 21,000, na Februari ya mwaka huo serikali ikazuia kabisa kusafirisha kobalti nje ili kuinua bei, kabla ya kuja na viwango maalumu vya kila kampuni mwezi Oktoba.

Kijana aliyeingia chuoni mwaka 2018 akifuata kobalti, na akamaliza bila kurudia mwaka wowote, alitoka 2023 wakati bei iko kwenye mteremko. Aliyesikitika mwaka 2019 na kwenda kusoma kitu kingine alikosa mwamko wa 2022. Hakuna kati yao aliyekuwa mjinga, kila mmoja aliamua kwa alichokiona siku ile. Mchumi wa Marekani Richard Freeman aliandika juu ya jambo hili mwaka 1976 akiwachunguza wahandisi wa kwao: mishahara inapopanda wengi wanajisajili, baada ya miaka michache wote wanahitimu kwa pamoja, soko linajaa, mishahara ya kuanzia inashuka, vijana wanaikimbia fani, kisha wahandisi wanakuwa haba na mishahara inapanda upya. Sisi hatuhitaji kwenda Marekani kuliona. Asubuhi ya siku ambayo uvumi umeenea kwamba kampuni fulani inaajiri, nenda ukawatazame vijana waliosimama langoni na bahasha za khaki kifuani, kisha uhesabu wangapi wana karatasi za fani moja.

Kuna na mizunguko mirefu zaidi. Mgodi wa Kipushi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka hapa, ulisimama mwaka 1993 na ukaanza kuzalisha tena mwaka 2024. Hiyo ni miaka 31, yaani umri mzima wa mtu kazini.

Haki itendeke upande wa pili pia. Shaba yenyewe haikuanguka pamoja na kobalti: mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni tatu, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Aliyesoma kuyeyusha na kusafisha madini kwa upana aliweza kuhama kutoka chuma kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo ukiwa unafuata pesa kweli, uliza kama ujuzi huo unaweza kuhama nao, siyo tu bei yake ya leo.

Nije kwenye uzi wa tatu, ninaoujua kwa vidole vyangu: karatasi ya mshahara.

Kuna siku nilikuwa na karatasi mbili mezani, za vijana wawili waliohitimu mwaka mmoja katika idara moja, wanaofanya kazi kwenye shimo moja. Mmoja aliajiriwa na mgodi wenyewe. Mwingine aliajiriwa na kampuni ya pembeni, zile tunazoziita sous-traitance, ambazo kwa sheria ya Februari 2017 hisa zake nyingi lazima ziwe za Wakongomani. Kofia zao rangi moja, basi la asubuhi moja, na tofauti ya mwisho wa mwezi ilinifanya nirudie hesabu nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Kati ya mgodi na yule kijana wa pili alikuwepo mtu wa kati, naye ana sehemu yake. Mtu akiuliza "mhandisi wa migodi analipwa kiasi gani?" ninakosa jibu la kumpa, kwa sababu nilikuwa na majibu mawili juu ya meza moja.

Kisha nikashuka mstari kwa mstari. Juu kabisa mshahara wa msingi, namba ndogo. Chini yake posho ya usafiri, posho ya nyumba, posho ya familia, posho ya kukaa mbali, posho ya zamu za usiku. Halafu makato ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi. Ile jumla ya chini ndiyo inayotajwa kwenye vikao vya familia na kwenye posa. Lakini siku mmoja wao aliporudishwa kutoka mgodini kuja ofisi ya mjini, posho karibu zote ziliondoka na ikabaki ile namba ndogo ya juu. Alikuwa ameshakodi nyumba kwa kufuata jumla.

Uliza pia aina ya mkataba. Sheria yetu ya kazi inasema mkataba wa muda maalumu hauwezi kuzidi miaka miwili, na kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha fanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Watu wengi hawalijui hilo, na wapo waajiri wanaolijua vizuri na kumpumzisha mtu siku ya ishirini na moja.

Na uliza kama malipo ni dola au franga. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa franga 920 na ushee, na mwaka 2024 ilipita 2,800. Mtu aliyelipwa franga zilezile kipindi hicho chote alipoteza, ukihesabu kwa dola, theluthi mbili ya mshahara wake, na hakuna siku hata moja aliyoitwa ofisini kuambiwa amepunguziwa. Mwuza unga anajua kiwango cha asubuhi hiyo, na mwenye nyumba anataka dola.

Adam Smith, yule Mskoti, aliandika mwaka 1776 kwamba mshahara unapanda kufuatana na ugumu na uchafu wa kazi, gharama ya kujifunza, kukatika-katika kwa ajira, uaminifu anaokabidhiwa mtu, na bahati ya kufaulu au kutofaulu. Ukilifikiria vizuri, ina maana kwamba posho kubwa mara nyingi ni bei ya kitu unachokitoa. Kolwezi ni kilomita 300 hivi kutoka Lubumbashi. Anayefanya kazi huko kwa zamu za majuma anarudi na mfuko mzito, na mtoto mdogo anajificha nyuma ya mama yake kwa dakika kumi za kwanza. Niliona hilo kwa jirani yangu. Mtoto yule alishika kanga ya mama yake kwa mikono miwili, akimchungulia baba, na baba akasimama mlangoni na begi begani, hajui aingie au angoje.

Uzi wa nne ni wa familia. Wanaokuja kutufundisha kwamba kijana afuate moyo wake kwanza wanazungumza na mtu aliye peke yake, na hapa hakuna aliye peke yake. Minervali, yaani ada ya shule, ya binti yetu ilitoka kwenye meza ya mama yake katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, sombe (kisamvu) na samaki wa kukausha, mvua na jua. Nyuma yake kuna wadogo watatu. Akipata mshahara, mshahara huo una majina juu yake kabla haujafika: ada ya yule wa pili, dawa ya bibi, kilio cha ukoo. Kaka aliposema makuta, aliwaona hao wote wamekaa kwenye kiti kile cha plastiki. Kumwita mroho ni kumwonea.

Ila kuna jambo ambalo familia nyingi hazilisemi, na ninaona ni kosa. Tunamtuma mtoto kwenye kazi ya pesa bila kumwambia ni kiasi gani tunachokitegemea, na kwa muda gani. Anayeambiwa "lipa ada ya mdogo wako miaka mitatu" anaweza kupanga. Anayeambiwa tu "utatusaidia" hawezi kumaliza kamwe, na nimewaona wahandisi wenye jumla nzuri ya chini wakija kuniomba mshahara kabla ya wakati wake, tarehe kumi.

Mimi mwenyewe nilisoma uhasibu kwa ajili ya pesa. Nilitaka kusoma lugha. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikuwa imefungua milango, kampuni zilikuwa zinarudi Katanga, na baba akasema kila kampuni, ya kigeni au ya hapa, lazima iwe na mtu wa kuhesabu. Alikuwa sahihi. Je, roho ilifuata? Kwa upande wangu ilifuata polepole, kadiri nilivyozidi kuijua kazi, maana kuna raha katika kufanya vizuri hata kile ambacho hukukichagua kwa mapenzi. Tena uhasibu uliniachia jioni zangu, na jioni hizo ndizo ninazoandikia. Mwenzangu tuliyeanza naye hakupata bahati hiyo. Baada ya miaka sita alikuwa anaumwa tumbo kila Jumapili usiku. Kwa hiyo siwezi kumwahidi mtoto kwamba roho itafuata, wala kumtisha kwamba haitafuata.

Kuna kazi ambazo swali hili linawagusa wengine kuliko mwenye kazi. Mhasibu asiyependa hesabu anaumia yeye. Daktari asiyetaka wagonjwa, aliyeingia kwa ajili ya gari na heshima, anaumiza wanaolala mbele yake. Kwenye kazi za namna hiyo nitamwuliza kijana kwa ukali zaidi anafuata nini.

Lakini sipendi neno "wito" linavyotumiwa hapa nchini. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bure. Ni jambo jema, madarasa yalijaa watoto waliokuwa nyumbani. Ila ile prime, nyongeza ya mshahara wa mwalimu iliyokuwa ikitolewa na wazazi, iliondoka, na walimu wengi, wale wanaoitwa nouvelles unités, walibaki miaka na miaka wakifundisha bila majina yao kuingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Wakilalamika wanaambiwa ualimu ni wito. Wito haulipi kodi ya nyumba. Mtu anayependa kufundisha na akauliza atalipwa nini ana haki zote za kuuliza, na anayemwaibisha kwa swali hilo anamwandalia njaa.

Hata huo ualimu pesa yake si moja. Sekondari haimo katika mpango wa bure, na prime ya wazazi ipo bado katika shule nyingi. Shule binafsi za katikati ya mji hulipa tofauti na shule za mtaa wa Katuba. Mwalimu mzuri wa biolojia hupata wanafunzi wa nyumbani wakati wa mitihani, na wapo wanaofundisha asubuhi na kufanya kazi ya maabara mchana.

Jioni ile nilimwomba kaka aniachie binti kwa saa moja. Aliponawa uso nilileta karatasi mbili za mshahara, majina nimeyafunika kwa kipande cha kadibodi, nikamweleza kila mstari. Alisoma kimya, kidole kikishuka. Alipofika kwenye posho ya kukaa mbali aliniuliza hao watu wanarudi nyumbani mara ngapi. Kisha akaomba daftari.

Usajili wa chuo bado uko wazi. Jumamosi binamu yake, mwanajiolojia, anarudi kutoka Kolwezi, na Jumatatu nimempatia miadi na mwalimu wa biolojia anayefundisha mtaa wa Kamalondo, ambaye jina lake liliingia kwenye orodha baada ya kungoja miaka minne. Wote wawili ataenda na daftari lilelile. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika maswali saba. Kaka aliyasoma jana usiku, akavaa miwani, akaongeza la nane kwa mwandiko wake: "Ukiugua, nani analipa?"